Bwana Mnofu na Ubongo wa Mbuzi

Buchani walimwita Bwana Mnofu, kwa jinsi alivyokuwa na mkono mwepesi wa kuondoa mafuta kwenye nyama. Kisu chake kikipita, weupe wote ulibaki ubaoni. Maneno ndiyo hakuwa nayo. Wateja walimtania kwamba hata mbuzi aliowaning'iniza walikuwa wasemaji kumzidi.

Mkewe alipopimwa damu, muuguzi wa zahanati aliwaambia, "Mama, lipidi zako zimepanda. Zipunguzeni kwenye chakula. Tumeelewana?"

Bwana Mnofu akaitikia kwa kichwa. Walipofika nje, mkewe akamvuta shati. "Lipidi ndiyo nini? Rudi ukaulize."

"Si mafuta tu hayo. Mafuta unamfundisha nani, mama watoto?"

Kusema kweli aliona haya. Shule aliishia ya msingi, na mbele ya koti jeupe ulimi wake ulikuwa mzito.

Tangu hapo nyama ya nyumbani aliichambua mpaka ikabaki nyekundu tupu. Ikawa kavu, haitafuniki. Basi kila jioni akawa anamfungia mkewe ubongo wa mbuzi, laini, usio na utando wa mafuta wa kukwangua. Wateja wakiuulizia, alisema umekwisha.

Asubuhi moja mkewe aliangusha kikombe, na upande wa kushoto wa mwili ukagoma.

Muuguzi yuleyule akauliza mgonjwa hula nini. Ubongo ulipotajwa, kalamu yake ikasimama.

"Baba, lipidi ni jina la ukoo mzima. Mafuta yamo, nta imo, na lehemu imo, ile inayonata kwenye mishipa ya damu. Ubongo umejaa lehemu, ila kwa macho huioni."

Hakumlaumu. Alisema huenda kiharusi kingekuja tu. Bwana Mnofu alilisikia hilo, lakini halikumpunguzia kitu.

Aliporudishwa nyumbani, mkewe alisema kwa mdomo uliopinda, "Leo hujaniletea changu."

Bwana Mnofu akamweleza yote, macho yakiwa sakafuni.

"Na mimi nilikuwa nakula huku nawaringia mashoga zangu kwamba nimependwa."

"Ulipendwa."

"Najua. Ungeuliza tu, baba watoto."

Bwana Mnofu akamsogelea. Akavuta sahani ya mboga, akazikatakata vipande vidogo vidogo, akamlisha taratibu upande wa mdomo uliobaki mzima.