Mstari wa Ishirini kwenye Jagi la Mtaliano

Ng'ombe wetu alianguka saa nane mchana, na kabla ya alasiri watu walikuwa wameshaamua nani wa kuuawa.

Naitwa Idah. Ni Mkamba niliyeolewa Tezo, hapa Kilifi. Nyinyi mnaocheka mkisikia Mkamba, eti kwao ni kwa wachawi, chekeni mmalize, maana siku hiyo hicho kicheko nusura kiniponze.

Asubuhi shemeji yangu Dzombo alifika kutoka Malindi, anakopika kwa Mtaliano mmoja. Akamkuta mama mkwe anahangaika, kizibo cha kupimia dawa ya kupe kimepotea.

"Kizibo cha nini, mama? Kipimo cha wazungu hiki hapa!"

Akatoa jagi dogo la plastiki alilopewa na tajiri wake. Akachanganya dawa, akampiga ng'ombe wetu Madoa pampu mwili mzima.

Wakati huohuo jirani yetu, Mzee Ziro, alikuwa anapita. Akasimama.

"Mama Dzombo, ng'ombe amenona huyu! Mwaka huu mtakunywa maziwa."

Basi. Ni maneno hayo tu.

Mchana Madoa akaanza kutoa mate. Macho yakalegea, miguu ikamwisha nguvu. Puu, chini, na mimba yake kubwa. Mama mkwe akapiga ukemi, yowe la kuita watu.

"Ni Ziro!" Dzombo akapaza sauti. "Ni jicho la Ziro!"

Kama huijui Kilifi, nikwambie. Mzee akiambiwa ana jicho ameitwa mchawi, na hapo si utani tena. Huku wapo wazee waliokatwa mapanga kwa neno hilohilo.

Vijana wakajaa uani. Wengine wakaenda kumtoa Mzee Ziro kwake, wakamleta wamemkaba shati. Mmoja alikuwa na panga, analipigapiga pajani.

Nimtetee? Mkamba amtetee anayeitwa mchawi? Si wangesema ni wa kazi moja!

Nikainama nimfute Madoa mate. Harufu ya dawa ikanipanda kichwani mpaka machozi yakanitoka. Dawa ile naijua, haijawahi kunuka vile.

"Shemeji, ulitia kiasi gani?"

"Chupa imesema ishirini kwa lita kumi. Nikatia ishirini. Kwani mimi mjinga?"

"Lete hilo jagi."

Akalileta kwa hasira. Nikalisoma, kisha nikaisoma chupa. Chupa imeandikwa ml. Jagi limeandikwa cl.

Nikaliinua jagi, Dzombo alione.

"Shemeji, hizi si mililita. Ni sentilita. Sentilita moja ni mililita kumi!"

"Ishirini ni ishirini!" akafoka.

Mwenye panga akanigeukia. "Na wewe Mkamba, nani amekutuma?"

Niliogopa, siwafichi. Lakini kichwa changu kigumu, hata mume wangu anajua. Nikaingia ndani, nikatoka na ndoo ya maji na sirinji ya kuwapa kuku dawa, ile ya mililita ishirini.

"Haya, hesabuni wenyewe. Sirinji hii ikijaa ni ishirini. Nikiimwaga mara moja, maji yafike kwenye mstari wa ishirini wa jagi. Yasipofika, mwacheni mzee wa watu!"

Nikamwaga. Maji yakalowesha chini tu.

Ya pili. Ya tatu. Watu wakaanza kusogea. Kufika ya tano walikuwa wanahesabu na mimi kwa sauti.

Ya kumi, maji yakagusa mstari.

"Mmeona? Dawa ya pampu kumi imeingia pampu moja! Huyu hakurogwa, ni sumu. Leteni sabuni upesi!"

Wote wakabaki wamesimama kama vigingi. Aliyekimbia ni Mzee Ziro. Shati limechanika, shingo ina alama za vidole, akapiga magoti akaanza kumsugua ng'ombe wetu kwa povu. Ndipo mama mkwe naye akashika ndoo.

Daktari wa mifugo alipofika alisema tumemwahi. Jua likizama, Madoa alisimama, na ndama bado anacheza tumboni. Wa panga alishaondoka bila kuaga.

Dzombo alimshika mzee miguu, akalia mbele za watu.

"Yamekwisha, mwanangu," mzee akamwambia.

Na mimi nikaamini yamekwisha.

Jumapili nikampelekea Mzee Ziro mahamri. Mlango ulipofunguliwa sikumtambua. Nywele zake, zilizokuwa nyeupe zote, zilikuwa nyeusi tititi. Amezitia rangi ya dukani. Wazee wengi huku hufanya hivyo, maana mvi zimegeuka ushahidi wa uchawi.

"Nimekuwa kijana, eti Idah?" akaniuliza huku anacheka.

Nikamwambia amependeza. Nikaenda kulia njiani.

Jamani, iwe dawa ya mfugo au ya mtoto, soma herufi zinazotangulia lita na gramu. Mili si senti, na senti si desi. Na kabla hujamnyooshea mzee wa watu kidole, pima tena.