Hamu ya Kubeti Ina Mahali Inapoanzia

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, mvua ya kwanza iliposhuka kwetu Mkonze na mama yangu akajikunyata chini ya turubai, amekumbatia gunia la mtama lisilowe. Mabati ya paa lake niliyang'oa na kuyauza mimi, fundi mwashi niliyewaezekea wengi nyumba. Pesa yote nilibetia mpira kwenye simu.

Mama hakunitukana. Alisema tu, "Baba, wewe unaumwa. Twende."

Hospitali tulimkuta mshauri, binti mdogo kwangu kwa umri. Nilingoja mahubiri, akanipa daftari. "Kaka, hamu ikikujia, andika uko wapi, umetoka kufanya nini, na moyoni unasema nini."

Wiki ya tatu tukalisoma pamoja. Kumbe hamu ilinijia siku za malipo, nikipita kibanda kimoja cha kubeti mtaa wa Kikuyu, na kila nilipogombana na mke wangu. Na mara nyingi nilikuwa nimeandika: "Nimeliwa pesa sana, sasa ni zamu yangu kushinda."

Akaniuliza taratibu, "Hao wachezaji uwanjani wanajuaje kwamba umeliwa?"

Nikacheka. Kisha nikalia, mwanaume mzima.

Tukapanga. Nibadili njia ya kurudi nyumbani. Ujira apokee mke wangu. Nitumie simu ya kitochi, isiyo na intaneti. Hamu ikija, nisishindane nayo wala nisiitii. Nichote maji, nimpigie shemeji, nusu saa ipite. Na kweli, ilikuwa kama vile vimbunga vya vumbi vya kiangazi huku kwetu: huja kwa kishindo, lakini havikai.

Mwezi wa nne niliteleza, nikabeti tena. Nikaona haya kurudi hospitali, hadi mama aliponishika mkono tena. Yule binti akafungua ukurasa mpya. "Kujikwaa si kuanguka, kaka. Safari hii ilianzia wapi?"

Mwaka uliofuata niliezeka nyumba ya mama. Alikaa mlangoni akinihesabia misumari.

Mwanangu, mazoea yana taabu, lakini yana dawa. Usijiite mjinga, mjinga hatafuti msaada. Mwambie mtu mmoja mapema. Chunguza hamu yako inaanzia wapi, uifunge njia hukohuko. Ukiteleza, rudi siku hiyohiyo, usingoje aibu iishe.

Mungu akupe kinywa cha kusema, na akupe mtu wa kukusikiliza asikucheke.