Saa Tatu na Dakika Kumi

Siku ya kwanza kumwona, Mwalimu alishuka kwenye gari akiwa amekumbatia bomba jeupe refu. Mimi ndiye mlinzi wa geti la shule. Nikamwelekeza kwenye vyoo vipya vilivyokuwa vinajengwa, nikidhani ni fundi bomba. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Hili ni la kutazamia nyota, kaka. Lakini asante, choo nacho nitakihitaji."

Alikuja kufundisha sayansi. Soksi zake hazikuwahi kufanana, na wanafunzi walimwita Mama Nyota. Darubini yake aliifunga juu ya paa la stoo, nyuma ya kibanda changu, akaiunganisha na kimashine cha kupima mwanga kwa namba. Alinieleza taratibu, bila kunifanya mjinga: kuna nyota moja ya mbali ambayo kila baada ya siku kadhaa mwanga wake unapungua kidogo sana. Aliamini ina sayari inayoizunguka, kubwa kuliko dunia yetu mara elfu, na kila inapopita mbele inaziba mwanga. Alishaikamata mara mbili. Siku aliweza kuikisia; akiipata mara ya tatu angejua itarudi saa ngapi, kisha angewaita wataalamu wa chuo wajionee. Bila wao, nani angemsadiki mwalimu wa shule?

Siku ya mara ya tatu homa ikamshika. Jioni aliielekeza darubini, akanipa daftari.

"Namba ikishuka chini ya mia tisa tisini, andika saa. Ikirudi, andika tena."

Niliishia darasa la saba, lakini saa naijua. Niliandika 3:10, kisha 4:50. Asubuhi alilipokea daftari kwa mikono miwili.

Usiku aliouhesabu kuwa sayari itarudi, wataalamu walikuja watatu, pamoja na mkuu wa shule. Nilikuwa mlangoni mwa stoo nimeshika chupa ya chai, Mwalimu akiwasomea daftari.

"Mara ya tatu ilianza saa tisa na dakika kumi, kuelekea alfajiri."

 Mimi niliandika saa tatu, hii saa tatu ya usiku tunayoisema wote, watu wakiwa bado wanaosha vyombo. Yeye daftari lake lote lilikwenda kwa saa za mashine, ambako tatu ni saa tisa. Saa sita nzima zilikuwa zimepotea, na hesabu yake yote ilisimama juu ya ile 3:10 yangu.

Nilitaka kusema. Nikaitazama miwani yao, nikamtazama mkuu wa shule. Nikamimina chai.

Walisubiri sana. Namba haikutikisika.

"Mwalimu," akasema mmoja, "au sayari yako imekosa usafiri?"

Wakacheka. Mkuu wa shule alicheka kuliko wote.

Tangu hapo darubini ilifunikwa gunia, na jina likabadilika: wanafunzi wakamwita Mama Hewa. Nyumbani nilimsimulia mke wangu, naye hakunipa nafasi ya kupumua.

"Baba Watoto, huo mdomo ni wa kulia ugali tu? Kamwambie!"

Kila asubuhi nilijiandaa. Mwalimu alifika, akaniambia, "Habari za asubuhi, kaka," nikajibu, "Nzuri, Mwalimu," nikafunga geti nyuma yake. Miezi minne ikapita hivyo.

Siku anahama, nikiwa nimembebea lile bomba, ndipo nilipomwambia. Nilisema nikivitazama viatu vyangu. Akatua begi, akachomoa penseli, akaandika juu ya boksi la vitabu. Akahesabu, akafuta, akahesabu tena.

"Kumbe siku ile ya wataalamu ilishapita jua lingali juu," akasema polepole. "Ipo, kaka. Ipo kweli."

Nilingoja anitukane, ingekuwa nafuu. Dereva akapiga honi. Mwalimu akaipokea darubini, akaipakata, akafunga mlango. Gari likiwa limeshawaka akashusha kioo.

"Ungeninong'oneza tu, kaka. Pale pale mlangoni."