Sufuria Nyeusi kwenye Ngao ya Mama Bahati

Siku yangu ya kwanza kazini, Mchoraji Mkuu wa karakana yetu ya kuchora nembo za ngao, pale Parramatta, Sydney, alinipa ngao ya mbao iliyopakwa nyekundu, akaniambia nichore juu yake mnara wa buluu. Nilichora kwa madaha. Nilikuwa nimeandika mabango ya maduka Nakuru miaka mingi, kabla mke wangu hajapata kazi ya unesi Sydney. Mzee yule alirudi nyuma hadi mlangoni, akafinya macho.

"Mnara uko wapi?"

Kweli, kwa mbali ulikuwa umezama. Hapo ndipo nilipojifunza kanuni kuu ya nembo: rangi haikai juu ya rangi. Nyekundu, buluu, kijani na nyeusi hukaa juu ya dhahabu au fedha, yaani njano au nyeupe, ambazo sisi huziita madini, ili zionekane kwa mbali, maana zamani ngao ilikuwa ya kumtambulisha mtu vitani kabla hajakaribia. Chini ya ngao huja utepe wenye kaulimbiu. Na kabla ya kugusa rangi, nembo huandikwa kwa maneno, ili mchoraji asiyeiona aweze kuichora sawasawa. Wengi walitujia wakitaka nembo ya jina la ukoo. Mchoraji Mkuu aliwarudisha palepale: "Jina halina nembo. Mtu ndiye mwenye nembo."

Karakana ilipohamia mtaa wa St Marys, hukohuko Sydney, nilikuwa tayari Mchoraji Msaidizi. Huko ndiko alikokuja Mama Bahati, Mkongomani wa Bukavu, aliyekuwa akitunza wazee. Alikuja na Deo na Neema, wawili kati ya watoto wanne aliowachukua katika kambi ya wakimbizi, vita vilipowaacha bila wazazi. Hakumzaa hata mmoja. Watoto walitaka kumpa nembo siku ya kustaafu kwake.

Deo, mkubwa wao, alikuwa amejiandaa. "Tugawe ngao sehemu nne. Kila mtoto aweke alama ya ukoo wa baba yake."

Neema aliinamisha kichwa. Yeye aliokotwa akiwa mchanga. Hata jina la baba yake halijulikani. "Na sehemu yangu, kaka? Mtaiacha wazi?"

Neema akachukua mkoba wake, akaelekea mlangoni.

"Rudi hapa," Mama Bahati akasema. Neema akasimama mlangoni, na Mama akamgeukia Deo kwa Kiswahili cha Bukavu. "Musinikatie batoto vipande. Muchore sufuria. Kule kambini nilikuwa na sufuria moja, na bote balikula mule."

"Mama, watu watatucheka. Sufuria ukutani?"

Nikamtafsiria Mchoraji Mkuu. Nilidhani atatoa vitabu vyake vya simba na tai. Badala yake alisimama, akavua miwani.

"Mwambie kijana, huko Uhispania mabwana wakubwa walichora sufuria kwenye ngao zao. Maana yake: mimi naweza kulisha jeshi langu. Mama yake hakuomba kitu kidogo."

Deo aliposikia hayo aliinuka. Kisha akamfuata Neema pale mlangoni, akamshika mkono, akamrudisha mezani. "Dada, chagua wewe rangi."

Neema akachagua dhahabu, sufuria nyeusi katikati, na moto mwekundu chini yake. Kaulimbiu akaitoa Deo: "Wote walishiba."

"Wacha uongo!" Mama Bahati akacheka. "Hamukushibaka. Andika: Wote walikula."

Niliichora kwa mkono wangu mwenyewe. Siku ya sherehe, kwenye ukumbi wa kanisa, watoto wanne waliibeba ndani wakiishika kila mmoja upande wake, na Neema alikuwa mbele. Mama Bahati alisimama kuipokea, akaugusa ule moto kwa kidole.

Mimi nimestaafu sasa, naishi Penrith, na bado vijana hunipigia simu wakitaka nembo. Siku hizi kompyuta humpa mtu ngao kabla chai haijapoa, nami sina ugomvi nayo. Ila nawauliza kwanza: umewafanyia nini watu wako? Wengine hukasirika. Wanaokaa wakafikiri hupata nembo ya kweli.

Simba na tai nimechora wengi, tena wazuri sana. Wenye ngao hizo siwakumbuki.