Swali la Bi Juzi-na-Jana

Wifi yangu hana haya. Nasema hivi nikiwa nampenda, na mwenyewe anajua. Anafanya kazi maabara, upande wa kipimo cha saratani ya tezi dume, na kabla hajamchoma mwanaume sindano ya kutoa damu humkazia macho na kumuuliza kwa sauti inayofika mapokezi, "Juzi au jana, ulilala na mwanamke?" Mambo hayo hupandisha namba ya kipimo, mtu akaonekana mgonjwa kumbe alikuwa na starehe zake tu. Mashehe, wachungaji, walimu wakuu, wote wamejibu. Ndiyo maana mtaani tunamwita Bi Juzi-na-Jana.

Kazi yenyewe ukiiona utacheka. Kisahani cha plastiki chenye vishimo, kila kishimo maji ya damu ya mtu wake. Anadondosha dawa, anasubiri, anaosha, anadondosha nyingine, rangi inatoka. Njano ikikolea, kuna jambo. Maboksi ya dawa yanakaa kwenye friji, na ole wako uweke soda yako humo. Daktari mmoja alijaribu, akaikuta nje juani.

Basi siku hiyo akaja baba yangu, yaani baba mkwe wake. Mdomo wote ule, kimya! Akamtoa damu huku anatazama ukuta, akasema, "Pole, baba," ikawa basi. Lile swali hakuliuliza.

Njano ikakolea. Akarudia damu ile ile kwa boksi jipya, mambo yale yale. Daktari akataka baba achomwe sindano ya huko nyuma, atolewe kipande kidogo cha nyama ya tezi, kikachunguzwe. Baba akagoma. "Huko mimi sichomwi, bora nife!" Akasusa chakula, akaanza kugawa mashati yake. Kaka yangu akapewa la bluu, akalia nalo sebuleni utadhani mjane.

Hapo wifi akanivutia jikoni.

"Wifi, sikumuuliza."

"Hukumuuliza nini?"

"Lile swali."

"We! Kumbe huenda hana ugonjwa?"

"Huenda. Muulize wewe."

"Mimi? Baba yangu mzazi? Thubutu!"

Tukasukumana mpaka sebuleni. Akapiga magoti mbele ya baba, macho kwenye zulia, na mama yupo pale pale. Akauliza juu ya zile siku mbili kabla ya kutolewa damu, kisha akaeleza sababu: kama jibu ni ndiyo, watasubiri siku chache wapime upya, pengine hakuna ugonjwa wowote. Nakwambia, nilijikuta namwomba Mungu baba yangu awe amefanya uhuni.

Baba akakohoa. "Hapana. Tangu goti lianze kumuuma mama yenu, simsumbui."

Mama akamshika mkono. "Na kwingine?"

"Kwingine wapi?"

"Kwingine, mwanaume! Sema tu. Sitakasirika, naapa. Huyo mwanamke nitamshukuru."

"Hakuna kwingine."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, mke wangu."

Mama akaangua kilio, huku anamtwanga ngumi za mgongo. "Miaka yote nakushuku, mjinga wewe! Leo ndiyo nakuhitaji uwe na hawara, huna!"

Baba akacheka, mara ya kwanza tangu majibu yatoke. Akacheka mpaka machozi, kisha yakabaki machozi matupu.

"Haya, mwanangu," akamwambia wifi, "nipangie siku ya hiyo sindano. Na huyu mama yenu aje, anitukane njiani."