Kifungu cha Siku Kumi na Nne

Wodini walimwita Mama Mashuka, na jina halikumkera, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita hakuna shuka la hospitali ile lililotandikwa bila kupita mikononi mwake. Alijua madoa kama madaktari wanavyojua magonjwa. Doa la damu, maji baridi. Doa la dawa ya manjano, liache lilale kwenye ndoo mpaka kesho. Doa la chai ya muuguzi, mwachie muuguzi alifue mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, viganja vimechujuka kwa sabuni, mdomo hauna breki.

Kazi yake ya pili haikuwa na mshahara wa maana. Idara ya ustawi ilimwita mlezi wa muda. Mtoto akiokotwa, au mama yake akifia wodini na ndugu wasitokee, analetwa kwa Mama Mashuka akae mpaka serikali imtafutie wazazi wa kudumu. Atakaa wiki au miaka mitatu? Hiyo ni siri ya mafaili. Kwake walipita watoto ishirini na watatu. Wa kwanza kabisa, msichana wa miaka mitano, hakuondoka: wengine hawakumtaka, Mama Mashuka alimtaka, basi, mambo yakaisha. Akamsomesha kwa jasho la mashuka mpaka binti akawa mwanasheria wa kamati ya bunge. Nyumbani alimwita Wakili, na mtaa mzima ukafuata.

Wengine wote waliondoka, na hapo ndipo palipomuuma. Si kule kuondoka, maana ndiyo kazi yenyewe, na mlezi asiyejua kuachia bora akafuge kuku. Kilichomuuma ni namna. Gari linafika bila taarifa, afisa mkononi ana fomu, "Mwambie anakwenda kutembea," vitu vya mtoto kwenye mfuko wa plastiki, kwaheri. Mtoto anapunga mkono akidhani atarudi kula mchana. Mara ishirini na moja Mama Mashuka alisimama mlangoni akipunga mkono na yeye, na uongo ule ukawa wake pia.

Kwa hiyo Wakili alipomwambia kwamba kamati inaandaa muswada wa sheria ya malezi, Mama alikaa mezani na kalamu nene ya kuandikia mifuko ya nguo chafu, akaandika kifungu chake mwenyewe. Mtoto asihamishwe mpaka zipite siku kumi na nne tangu aambiwe ukweli kwamba anahama, na katika siku hizo wazazi wapya waje wamwone si chini ya mara tatu, palepale anapolelewa. Wakili akakinyoosha kwa lugha ya kisheria. Kikawa kifungu cha thelathini na moja.

Mwaka mzima mama na mwana walizunguka pamoja, ukumbi huu, ofisi ile, Wakili akisoma vifungu na Mama akisema yasiyosomeka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waheshimiwa wengi hawakuwa wamekilalia hiki. Mmoja alilalamika kwamba siku kumi na nne ni nyingi mno. Mama akamuuliza, "Mheshimiwa, mwenye nyumba akitaka uhame anakupa notisi ya siku ngapi?"

"Tisini," akajibu.

Ukumbi ukaangua kicheko, naye mwenyewe akaomba karatasi ya kuunga mkono kifungu atie saini. Wakati wa kurudi Wakili alicheka mpaka machozi, kichwa amekilaza begani kwa mama yake. Mama aliuhesabu ule mwaka kuwa mtamu kuliko yote aliyowahi kuishi.

Na palikuwa na haraka. Nyumbani alikuwapo Kidoti, wa ishirini na tatu, miaka minne, na alama nyeusi chini ya jicho iliyompa jina. Alikuwa kwa Mama tangu ana wiki sita. Barua ilikuwa imekuja: wazazi wamepatikana, walimu wawili, watu wazuri. Mama akamfuata afisa ustawi ofisini.

"Simkatai mtu, mwanangu. Nipe siku kumi na nne tu nimwandae."

"Mama, mimi nafuata sheria iliyopo," akasema afisa, na hakuwa mtu mbaya. "Kifungu chako kikipita, siku zako utazipata. Kisipopita, ratiba yangu ni wiki hii hii."

Muswada ulikuwa upigiwe kura Jumanne. Jumatatu jioni Wakili akapiga simu.

"Mama, kesho usije bungeni."

"Nisije vipi? Gauni nimeshalipiga pasi."

"Ngazi za pale ni nyingi, na hayo magoti yako. Sikiliza redioni, utasikia vizuri zaidi."

Mama akaona ni huruma ya mwana. Hata akamshukuru. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo, lakini ni mzazi gani atamwazia hivyo mwanawe?

Jumanne redio ya mpiga pasi iliwekwa juu ya kabati la sabuni, na mashine mbili kubwa zikazimwa ili pasikike. Wanawake wanane walisimama na mashuka mikononi. Mwenyekiti wa kamati alianza kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

"Kuhusu kifungu cha thelathini na moja, kamati imeshauriana na wizara na inapendekeza kifutwe. Tumezingatia uzoefu wa mlezi wa miaka ishirini na minne, mama anayefua nguo hospitalini. Naomba kumnukuu. 'Mtoto huzoea. Wiki ya kwanza analia, wiki ya pili anacheza.'"

Wabunge wakapiga meza. Kifungu kikafutwa, muswada ukapita, redio ikahamia kwenye bei za mbolea.

"Dada," mpiga pasi akasema taratibu, "si wewe huyo?"

"Ndimi."

"Ulisema hivyo?"

Alikuwa amesema. Ila hakuyasema kwenye kamati. Aliyasema jikoni kwake, kumwambia mlezi mwenzake, msichana mdogo tu, aliyenyang'anywa mtoto asubuhi ile na alikuwa akilia juu ya sinki hata maji hataki. Ungemwambia nini mtu wa namna hiyo? Ungemwambia ukweli? Yalikuwa maneno ya kumpa pole, kama watu wanavyoambiana msibani kwamba yatapita, wakati kila mmoja anajua hayapiti. Na jikoni siku ile walikuwa watatu tu: Mama, msichana, na Wakili mezani na kikombe chake cha chai.

Aliona aibu, kisha akaona hasira, kisha kitu kibaya kuliko vyote viwili: alijiona amevuliwa nguo hadharani na mtu aliyemvisha yeye mwenyewe. Akawasha mashine, akafua mpaka saa ya kutoka. Hakuna aliyethubutu kumtania.

Alhamisi saa tatu asubuhi gari lilikuja. Afisa alimpa dakika arobaini, zaidi ya alizoruhusiwa, na wale walimu wawili walisubiri nje kwa adabu kama watu wanaongoja daktari. Safari hii Mama alikataa kudanganya. Alimpakata Kidoti akamwambia anakwenda kukaa na mama mwingine na baba.

"Mpaka lini?" Kidoti akauliza.

"Mpaka ukue."

Mtoto alifikiri sana. "Kesho nitakuwa nimekua?"

Dakika zikaisha.

Wakili alitokea Jumamosi mchana, na bahasha kubwa kifuani. Aliamkia vizuri. Mama akaitikia kwa sauti anayomwitikia msoma mita.

"Nakala ya sheria, mama. Umetajwa kwenye ukurasa wa shukrani."

"Weka hapo."

Wakili hakukaa. "Wizara walisema kile kifungu kitoke, ama muswada wote urudi kabatini. Hawana magari, hawana maafisa wa kutosha. Sasa walezi watapata posho, na vituo vya watoto vitakaguliwa. Ni maelfu ya watoto, mama. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Kwani mtu huulizwa ili iweje?"

"Nilihitaji neno la mlezi anayeheshimiwa. Wabunge waliokiunga mkono wasingenyamaza kwa neno la mwingine."

"Ukachukua la kwangu. Nililompa mtu analia, ukawapelekea waliomliza."

Wakili aliinamisha kichwa, lakini hakuwa amekuja kushindwa. "Na si uongo, mama. Mimi nililetwa hapa na mfuko wa plastiki. Sikuambiwa chochote na mtu yeyote. Nilizoea. Nitazame, nina kasoro gani?"

Mama Mashuka alimtazama kweli. Alipozungumza hasira ilikuwa imemtoka, na hilo lilimtisha Wakili zaidi.

"Wewe hukuzoea. Mwaka mzima ulilala na viatu miguuni. Nikivigusa unapiga mayowe, unasema gari likija hutawahi. Nikawa nangoja usingizi ukushike ndipo nakuvua, nakufuta miguu. Kabla hujaamka nakuvisha tena, na kamba nazifunga fundo lako lile lile bovu, usije ukajua."

Ilionekana Wakili anatafuta ndani ya kichwa chake na hakuna anachokipata.

"Hujawahi kuniambia," akasema mwishowe.

"Nilitaka usahau," akasema mama yake. "Kumbe nilifanikiwa."