Lotone ilipofika Bukavu

Sauti ya vifuniko vya chupa juu ya ubao ndiyo inayonirudisha kwenye kiangazi kile. Papa alikuwa na ubao wake wa dame, mchezo wa kete, alioupiga miraba mwenyewe kwa rangi iliyobaki ya kupaka milango. Badala ya kete tulitumia vifuniko vya bia: upande mmoja vimelala chali, upande mwingine vimelala kifudifudi. Kila jioni, baada ya kula, alikuwa akicheza na Maman kwenye baraza, taa ya mafuta katikati yao, nami nikilala nikisikia vile vifuniko vikigonga mbao, na Maman akicheka kidogo kila alipokula kete ya Papa, maana aliyekuwa akishinda mara nyingi ni yeye. Halafu ikafika siku nikaendelea kusikia vifuniko lakini sikusikia kicheko. Nikatoka chumbani kuchungulia. Papa alikuwa amekaa peke yake. Alisogeza kifuniko kimoja, akanyanyuka, akazunguka ubao, akakaa kwenye kigoda cha Maman, akafikiri sana, akasogeza kingine, akarudi upande wake. Nilimtazama hivyo mpaka miguu ikaniganda kwa baridi ya sakafu, na sikuelewa kitu.

Maman alikuwa ameondoka asubuhi ile. Alimfunga mdogo wangu mgongoni, akachukua kapu moja, akapanda lori la kwenda kwao Luhwindja bila kuniaga, kwa sababu nilikuwa shuleni nikimalizia siku za mwisho za mwaka. Niliporudi nilikuta jiko limezimwa na Tonton Murhula amekaa mlangoni. Tonton alikuwa mdogo wake Papa. Alikuwa anaishi kwetu ili asome sekondari, kijana mrefu mwenye utani mwingi, na siku ile utani ulikuwa umemkauka. Nikamwuliza, “Maman iko wapi?” Akanijibu, “Iko kwabo.” Nikauliza sababu: juu ya nini? Akasema nikale, viazi viko ndani ya sufuria.

Sisi watoto wa mji tulijua mambo mengi ya Zaire yetu. Tulijua kuimba na kucheza mbele ya wakubwa wa chama, tulijua kwamba majina yetu ya ubatizo hayaandikwi tena shuleni, tulijua Papa lazima avae koti la abakosti na kuacha tai. Lakini jambo la mwanamke kurudi kwao hakuna aliyetufundisha. Sasa mimi ni mtu mzima, naijua desturi vizuri. Mke akirudi kwa wazazi wake na hasira, mume hamfuati hivi hivi kama mtu anayefuata mbuzi aliyepotea. Anatafuta kasiksi, pombe ya ndizi, na iwe nzuri. Anamchukua mkubwa wa ukoo wake amsemee. Wanakwenda, wanaketi, wanasikiliza maneno yote ambayo wakwe wanataka kuyasema, wanayameza, ndipo mke anapewa ruhusa ya kufunga kapu lake. Bila hayo hata mke akitaka kurudi hawezi, atakuwa amejishusha mbele ya watu. Papa aliyajua yote haya, na hakutaka. Nilimsikia akimwambia Tonton, “Alienda na miguu yake, atarudia na miguu yake.” Mimi nikashika neno hilo moja tu, atarudia. Kilichobaki ni kujua lini.

Nilimsumbua Tonton kwa swali hilo mpaka akachoka. Wakati wa likizo alikuwa na kazi ya kunisomesha Kifaransa, kwa sababu mwaka uliokuwa unakuja ningekuwa darasa la tatu, na kitabu kilikuwa cha zamani, cha wakati wa Wabelgiji, kimefungwa kwa uzi. Ndani yake kulikuwa na somo la l’automne, majira ya Ulaya, sisi tulitamka lotone. Picha ilionyesha mama wa Kizungu na binti yake wanatembea chini ya miti, majani mekundu na ya manjano yanaanguka pande zote, na binti ameshika kikapu. Somo lilisema lotone inaanza mwezi wa tisa. Siku ile nilisoma mstari mmoja, nikauliza, Maman atarudi lini. Nikasoma wa pili, nikauliza tena. Tonton akatazama kitabu, akaweka kidole juu ya picha, akasema, “Atarudia mu lotone. Majani ikianguka yote, utamuona.” Nikatulia kabisa. Alidhani amenipa jibu la kunyamazisha mtoto, kumbe alinipa tarehe.

Tangu hapo nikawa mtu wa majani. Nilitafuta katoni ya sukari, nikaanza kukusanya kila jani lililoanguka lenyewe. Ya kuchuma nilijikataza, niliona ni kujidanganya. Nilikuwa nayalaza katikati ya misale kubwa ya bibi yangu, kitabu chake cha misa, ili yanyooke, halafu nayapanga kwa rangi. Ya mkalitusi, marefu, yalinukia dawa ya kifua. Ya mwavokado yalikuwa magumu na yalipasuka haraka. Niliwahi kupata moja jekundu kabisa la maua ya ua wetu, nikakimbia nalo kwa Tonton, moyo unapiga. Akalitazama, akasema, “Hiyo ni moja. Lotone ni yote.” Sasa nafikiri alitaka kusema kitu kingine, maana alinishika kichwa na kukaa nacho kidogo mkononi.

Na Papa naye akaanza kutembea. Hilo ndilo lililonichanganya zaidi, kwa kuwa Papa hakuwa mtu wa kutembea. Alikuwa karani katika kampuni moja ya chai, anakwenda kazini, anarudi, anavua viatu, basi. Sasa kila jioni alianza kuniambia, “Nabintu, vaa viatu tuende.” Tulishuka kwa barabara ya ziwani, mikono yake nyuma, mimi na katoni yangu. Ziwa la kiangazi lilikuwa limefichwa na moshi wa mashamba yaliyochomwa, vilima vya ng’ambo hatukuviona kabisa, na hewa ilikuwa na harufu ya majani makavu yaliyoungua mbali. Watu walikuwa wanatusalimia, Papa anaitikia na kuinua kofia. Hakuongea nami sana. Nilikuwa nainama kila mahali kuokota, naye ananingoja bila hasira, na kwa sababu ya uvumilivu ule nikaamini kwamba yeye pia anatafuta lotone. Mara mbili tatu hata aliniokotea jani, akalifuta vumbi kwa kidole gumba na kulitia katonini kwa upole kabisa. Mwisho wa matembezi haukubadilika: tulipanda hadi pale yanaposimama malori yanayotoka njia ya Walungu na Luhwindja. Pale ananunua karanga, tunakula tumesimama. Malori yanafika yamejaa mihogo, mbuzi na watu weupe kwa vumbi, Papa anawatazama wakishuka mmoja mmoja, anatazama saa yake, anasema, “Turudi.” Nilijiuliza kwa nini tunatafuta majani mahali pasipo na mti hata mmoja. Sikumwuliza. Kulikuwa na jambo kwenye uso wake lililonifanya niogope jibu.

Mwezi wa tisa ukaingia, shule ikafunguliwa, na miti ya Bukavu ikabaki kijani vilevile. Nilimkasirikia kila mti. Nilikuwa nasimama chini ya ule mwavokado wa uwanjani kwetu nikiuambia kimoyomoyo, anguka basi. Usiku nilisikia vifuniko, Papa upande huu, Papa upande ule. Niliogopa jambo moja tu, kwamba Maman amekaa kwao anangoja majani ya huku yaanguke, nayo hayataki. Darasani mwalimu alituuliza majira ya mwaka ni mangapi. Nusu yetu tulisema mawili, masika na kiangazi, nusu wakasema manne kama kitabu, na mwalimu akasema jibu la mtihani ni manne. Nikajiambia, kama ni la mtihani, basi ni kweli, itakuja.

Ikaja mchana, tumetoka shuleni. Mbingu ilijifunga upande wa ziwa, upepo ukasimama, halafu ikapiga mvua ya mawe ambayo wazee bado wanaizungumzia. Nilijificha chini ya meza, huku Tonton akiwa ameshika mlango. Mabati yalipiga kelele mpaka hatukusikiana. Ilipokoma, kimya kilikuwa kikubwa ajabu. Nikatoka. Uwanja wote, barabara yote hadi chini, ilikuwa majani, majani juu ya majani, na katikati yake vipande vya barafu vinayeyuka. Mwavokado ulibaki matawi matupu. Harufu ya mikalitusi iliyopondwa ilikuwa kali hata macho yakatoa machozi. Majirani walikuwa wanalia mahindi yao na mabati yao yaliyotoboka, na mimi nilisimama katikati ya vilio hivyo nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena katika maisha yangu.

Nilifanya kila kitu upesi. Nikaosha miguu, nikavaa rozari ya kanisani na gauni la Jumapili. Nikapanga vifuniko vyote kwenye ubao, chali huku, kifudifudi huku, nikafuta kigoda cha Maman. Tonton alipotaka kufagia uwanja nikamnyang’anya fagio. Akaniuliza nina nini leo, sikumjibu, nilidhani anajua. Nikafungua lango, nikakaa juu ya jiwe, nikatazama barabara.

Aliyefika ni Papa, ameloa, viatu mkononi. Akanikuta nimekaa na gauni la misa. Akasema, “Unangojea nani, mama?” Hivyo ndivyo alivyoniita alipokuwa na huruma, mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. Nikamwambia, “Papa, lotone imefika. Maman anarudia leo.” Hakuelewa. Nikamweleza yote: kitabu, picha, majani, katoni, na kwamba sasa yameanguka yote, aangalie mwenyewe. Nikamwambia hata asihangaike tena kutafuta pale kwenye malori. Papa akageuka polepole, akamtazama Tonton aliyekuwa amesimama nyuma yangu na fagio. Tonton akainamisha kichwa. Nilijua atapigwa. Lakini Papa alikaa chini, palepale kwenye majani na maji, na abakosti yake ya kazi. Aliponyanyuka alisema neno moja kwa mdogo wake: “Kesho asubuhi uende kuniitia yaya mukubwa. Na utafute kasiksi. Ile ya muzuri.”

Jioni ile Maman hakuja. Nilingoja pale hadi Papa aliponibeba, na nililia, kwa sababu nilikuwa nimefanya kila kitu sawasawa. Asubuhi Papa hakwenda kazini. Niliona madumu ya pombe yakitolewa nje na kaka yake mkubwa, ndiye yule yaya, amevaa kofia ya sherehe, na nikafikiri watu hawa wazima hawana aibu, wanakwenda kulewa Maman hayupo. Hakuna aliyenieleza. Siku chache nilizobaki na Tonton sikumsemesha, nilimwita mwongo, naye alinipikia bugali mbaya na kuvumilia. Uwanja nilikataa katakata usifagiwe. Majani yakaanza kuoza.

Halafu lori likasimama mbele ya lango. Maman akashuka kwa mbele, mdogo wangu mgongoni, kuku mkononi, akatazama uwanja, na maneno yake ya kwanza yalikuwa, “Nani aliacha kiwanja muchafu hivi?” Nikamrukia na kuku wake. Usiku ule nilisikia vifuniko, na baadaye kidogo, kile kicheko.

Nilivyokua nilimwuliza kila mmoja kwa wakati wake waligombania nini. Papa alisema ni mambo ya wakubwa. Maman alisema ni kifuniko kimoja, kwamba Papa alimwita mwizi wa kete mbele ya wageni, yeye ambaye hajawahi kuiba hata chumvi. Nilipomrudishia Papa maneno hayo alicheka, akasema, “Lakini alikiiba.” Siwezi kujua. Sijui pia kama walirudiana kwa sababu ya kasiksi, au ya yale majani, au walikuwa wamechoka tu wote wawili kungojeana. Tonton Murhula nilikaa naye na kinyongo miaka mingi kwa uongo ule, kwa utani, lakini utani wenye mfupa ndani.

Sasa nyumba ni ileile, nami nina wajukuu. Mwavokado haupo, mkalitusi hata mmoja haupo, mtelemko wote hadi ziwani ni nyumba juu ya nyumba, na mvua ikipiga kinachoshuka barabarani ni matope na plastiki. Papa tulimzika zamani. Maman yuko nami, na akili yake inakuja na kwenda. Jioni anakaa kwenye baraza, ubao mapajani, anapanga vifuniko pande zote mbili, kisha ananiuliza Papa yuko wapi. Mwanzoni nilikuwa namwambia kweli, kwamba amekufa, na kila mara analia upya, kilio cha siku ya kwanza, nikaona kwamba namfisha Papa kila jioni kwa mkono wangu. Juzi aliuliza tena, mara moja, mara mbili, mara tatu, nami nina sufuria mkononi, nikajisikia nikisema, “Atarudia mu lotone, Maman. Majani ikianguka yote, utamuona.” Nikamwelewa Tonton siku hiyo, na amekwisha kufa naye. Maman akanitazama sana, kwa macho yale makali ya zamani. Akasema, “Huku kwetu haiko lotone, Nabintu.” Akatazama uwanja usio na mti, akasogeza kifuniko kimoja, akangoja kidogo. Halafu akasema nisifunge lango.